Unyago wa miaka 7, upweke wa miaka 15

Likizo za Juni na Desemba zikikaribia, ubishi wa jando na unyago huanza upya Mtwara na Lindi. Walimu hulalamika kwamba watoto wanachelewa kurudi darasani, na kwamba mabinti wanatoka ndani wakijiona wameshakuwa wanawake. Wazee hujibu kuwa mtoto asiyechezwa, yaani asiyepitia jando au unyago, hana adabu wala hana wenzake. Kuwasikiliza, utadhani wanabishania unyago uleule waliopitia bibi zetu. Lakini umeshabadilika, tena mahali ambapo wabishi wengi hawapatazami: umri.

Binti alikuwa akiwekwa ndani akivunja ungo au akikaribia, na mvulana akienda kumbini akiwa anajitambua. Siku hizi si ajabu kukuta mwali wa miaka 7 au 8, Newala au Ruangwa. Sababu zinaeleweka. Ukisubiri binti avunje ungo, utamkuta yuko sekondari, pengine bwenini, na hizo wiki za kukaa ndani hazipatikani tena. Sherehe nayo inakula hela: wapiga ngoma, vyakula, khanga za kungwi, nguo za mwali. Mwenye watoto watatu huwacheza wote kwa mpigo, mdogo akimfuata mkubwa, maadamu hela ya korosho bado ipo mkononi. Minada huanza Oktoba. Ikifika Machi, hela hiyo imeshakuwa hadithi. Wale wa Dar es Salaam wanaowaleta watoto likizo ndio kabisa, wanataka mambo yote yaishe kwa safari moja.

Sasa wanaoutetea wanatetea nini? Wakiulizwa husema mila, neno ambalo halielezi kitu. Ukiwakalisha vizuri wanasimulia urafiki. Kumbini, mtoto wa mwenye mikorosho mia na mtoto wa kibarua wake walinyolewa siku moja, wakala sahani moja, wakatetemeka kwa baridi ileile ya usiku wa Juni, wakajifunza nyimbo ambazo nje hazisemwi. Wengi walitoka na jina jipya. Victor Turner, mwanaanthropolojia aliyeishi na Wandembu wa Zambia miaka ya 1950, aliandika kuwa vijana wanaotengwa pamoja namna hiyo hupoteza vyeo walivyoingia navyo, na undugu wao huweza kudumu wakishatoka. Mzee wa Tandahimba halihitaji somo hilo. Yeye na mwenzake wa jando moja bado wanataniana nani alilia mbele ya ngariba.

Kulikuwa na jambo jingine, nami nalipa uzito kuliko ngoma na khanga. Kijana alipewa mtu mzima ambaye si mzazi wake. Binti wa miaka 14 hawezi kumuuliza mama yake kila kitu kuhusu mwili wake, na mama mwenyewe anaona haya. Kungwi haoni haya. Ndiye anayeendewa hata baadaye, mambo yakiharibika.

Wapinzani nao wana hoja nzito, na haifai kuwapuuza kwa kuwaita watu waliolevywa na usasa. Usawa wa kumbini ulikuwa wa waliomo. Aliyebaki nje ni msungo, na msungo hupigwa vijembe kisimani, hukatiziwa mazungumzo, huchekwa kwa mafumbo asiyoyajua. Mtoto wa walokole, au wa mtumishi aliyehamishiwa Nachingwea kutoka Mwanza, anaishi katikati ya wenzake kama mgeni. Kuna wanaoingia ndani si kwa kuamini, ni kwa kuogopa kuachwa. Yapo pia matusi na viboko ambavyo kwa wengine vilijenga na kwa wengine viliacha kovu. Anayekuambia kovu hakuna, muulize alipitia mwaka gani na nyakanga wake, yaani msimamizi wa mafunzo, alikuwa nani.

Kisha kuna mafunzo yenyewe. Mahakama ya Rufani mwaka 2019 ilithibitisha hukumu ya 2016 kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa vinavyoruhusu binti kuolewa kabla ya miaka 18 vinapingana na Katiba. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya 2016 yaliweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mwanafunzi ujauzito. Nyimbo za ndani zilitungwa zama ambazo binti alitoka unyagoni akaolewa. Ukimwimbia mtoto wa miaka 8 namna ya kumridhisha mume, umempa jibu la swali ambalo hajauliza, na kuna mwanamume kijijini anayejua kuwa ameshapewa. Hata umri ukirudishwa juu, hapo mafunzo yenyewe lazima yaguswe.

Ila tazama anachobaki nacho huyo aliyechezwa mapema akifikisha miaka 15. Cheo cha mkubwa anacho tangu darasa la pili, wenzake wa ndani walikuwa watoto asiowakumbuka vizuri, na kungwi alimwona mara ya mwisho siku ya kutolewa nje. Wakati anapoanza hasa kujiuliza yeye ni nani, wanaomjibu ni wenzake wa kidato cha pili, kijiwe cha bodaboda na grupu la WhatsApp kwenye simu ya dada yake.

Nami sitasema hilo ni balaa tupu. Sekondari za kata zimewaweka Mmakonde, Mmwera, Mmakua na Myao kwenye dawati moja, na urafiki wa kugawana daftari la hesabu au kushabikia Simba haumuulizi mtu kama amechezwa. Msungo anapumua huko. Kinachokosekana ni mtu mzima. Kwenye grupu wote ni rika moja, wakali kwa kiasi kimoja na waoga kwa kiasi kimoja, na mtu hutolewa kwa kubonyezwa tu, bila sababu na bila mzee wa kumrudisha.

Kurekebisha jando si wazo geni huku. Dayosisi ya Masasi ya Anglikana, chini ya Vincent Lucas aliyekuwa askofu wake tangu 1926, haikulipiga jando marufuku. Iliingiza sala mahali pa baadhi ya matambiko na kuwaacha wavulana waendelee kwenda pamoja. Kwa wasichana ilikuwa vigumu zaidi, kwa kuwa unyago ulikuwa mikononi mwa wanawake na hawakuwa tayari kuuachia. Naona hilo linafundisha zaidi kuliko amri za leo. Ukipiga marufuku, ngoma inahamia shamba la mbali na mwalimu hajui tena nani yuko ndani.

Kwa hiyo ningeanza na umri: unyago urudi kwenye ujana, wiki chache za likizo, mafunzo ya ndoa yapunguzwe, na kungwi abaki na mabinti aliowafunda hadi wamalize kidato cha nne. Ugumu uko kwenye hela. Mzazi wa Mbagala mwenye nauli ya safari moja hatakubali kusubiri miaka saba kwa ajili ya mtoto wa mwisho, na kungwi hulipwa kwa kichwa cha mwali, wala hakuna anayemlipa kwa miaka inayofuata.