Homoni "ya asili" na jasho la usiku wa Juni

Juni, Mbeya si mahali pa kutupa blanketi. Mama wa miaka hamsini na kitu akiamka saa nane za usiku ameloa jasho, hupimwa malaria kwanza, kisha kifua kikuu na VVU. Ni sawa, Njombe, Iringa na Mbeya ziko juu kwa maambukizi ya VVU nchini. Majibu yakitoka safi anaambiwa hana ugonjwa, na hakuna aliyemuuliza kama hedhi yake imekoma, ingawa kukoma huko nako huleta majoto na jasho la usiku.

Dawa inayoyatuliza majoto hayo kuliko nyingine ni estrojeni, homoni ya kike. Siku hizi inayopendekezwa zaidi ni estradioli, aina ya estrojeni ileile inayotolewa na ovari. Watetezi wake huiita "homoni ya asili", na hapo ninawapinga kidogo. Hutengenezwa kiwandani kutokana na soya au viazi vikuu. Cha asili ni umbo lake tu, lisilotofautiana na lile la mwilini. (Uji wa soya, hata umalize sufuria, haugeuki estradioli tumboni.) Tena dawa iliyowafanya watu waziogope homoni hizi ilitokana na mkojo wa farasi wenye mimba. Kuna asili kuliko hiyo?

Dawa hiyo ya farasi, ikichanganywa na projestini (dawa inayofanya kazi kama homoni ya projesteroni), ndiyo iliyojaribiwa Marekani kwa wanawake zaidi ya 16,000. Jaribio likasitishwa mwaka 2002: saratani ya matiti iliongezeka kwa wanawake 8 hivi kati ya 10,000 kila mwaka, na kiharusi karibu vivyo hivyo. Kuvunjika nyonga kulipungua, ila hilo halikuvuma. Watetezi wanasema, na nakubaliana nao, kwamba wastani wa umri ulikuwa miaka 63. Kwa aliye chini ya 60, au ambaye hedhi haijatimiza miaka kumi tangu ikome, faida kwa kawaida huzidi hatari. Estradioli ya kubandika au kupaka kwenye ngozi pia haijaonyesha ile hatari ya damu kuganda inayoonekana kwenye vidonge.

Linalonitia wasiwasi ni jingine. Mwenye mji wa mimba hapaswi kutumia estrojeni peke yake; bila projesteroni, ukuta wa mji huo hunenepa na waweza kuzaa saratani. Sasa mama wa Mwanjelwa apewe pakiti na shoga yake, majoto yaishe, kisha damu itoke tena. Atacheka kwamba ujana umerudi, kumbe alipaswa kuwa hospitali wiki hiyohiyo. Aliyewahi kuugua saratani ya matiti au kuganda damu asijaribu bila daktari. Anayetumia ARV azitaje, maana efavirenzi, kwa mfano, huweza kupunguza estrojeni mwilini.

Mwenye ukavu na maumivu ya tendo la ndoa tu ana kesi nyepesi: krimu ya estrojeni ya ukeni, ya dozi ndogo, ambayo haifiki kwenye damu kwa kiasi cha kutisha. Lakini huyo, kwa aibu, ndiye asiyefika hospitali kabisa.