Igoma au Kisesa: kodi ya jengo haijui mpaka

"Nunua Kisesa, kule ni Magu, kodi za Jiji hazikufikii." Hapa Mwanza, maneno haya ya kuhama Igoma iliyo ndani ya Jiji kwenda Kisesa iliyo wilaya ya Magu si ya madalali peke yao. Hata watu makini huyarudia, na wapo waliouza vyumba vyao Igoma kwa sababu hiyo.

Kwa kodi ya jengo, hoja hiyo haina mashiko. Tangu Agosti 2021 kodi hii inakatwa kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, na tangu Julai 2023 nyumba ya kawaida inakatwa shilingi 1,500 kwa mwezi, yaani 18,000 kwa mwaka. Mita haiulizi kama uko wilaya ya Nyamagana, Ilemela au Magu.

Kinachotofautiana ni pango la ardhi, ile ada ya kila mwaka ya kiwanja inayolipwa serikalini, maana hilo hutegemea eneo, ukubwa na matumizi ya kiwanja. Hapo Kisesa ina unafuu, ila tusidanganyane: sehemu ya unafuu huo ni viwanja ambavyo havijapimwa. Huletewi bili kwa sababu huna hati, na siku ukitaka mkopo, benki haitaipokea ile karatasi ya mauziano.

Sasa nauli. Tuseme kuhamia kwako kunakuongezea daladala moja ya shilingi 600 kwenda na nyingine kurudi. Kwa siku 26 za kazi ni shilingi 31,200. Mwezi mmoja tu umeshapita kodi ya jengo ya mwaka mzima, na hapo sijagusa bodaboda ya kutoka barabara ya lami hadi mlangoni, wala watoto wanaosoma mjini.

Hata hivyo siwacheki waliohama. Mwalimu anayefundisha hukohuko Kisesa, au mwenye duka lake pale senta, hesabu hiyo ya nauli haimhusu. Yeye anapata uwanja wa kufugia kuku na kulima mchicha. Na ukimlinganisha na anayejenga juu ya mawe ya Bugarika au Mabatini, ambako gari linaishia chini na mchanga unapandishwa kichwani kwa ndoo, kila ndoo na malipo yake, Kisesa ni nafuu kabisa.

Kinachonikera ni usawa wenyewe wa hiyo 1,500. Wanaoutetea wanasema haudai mthamini wala foleni, na kweli makusanyo yamekuwa rahisi. Lakini jumba lisilo la ghorofa lenye bustani Capri Point linakatwa sawa na vyumba viwili vya Buhongwa, wakati mwenye kaghorofa kadogo mjini anatozwa 7,500 kwa kila sakafu. Ningependa thamani ya eneo ihesabiwe, hata kwa madaraja matatu tu.

Halafu kuna mpangaji. Kisheria kodi hii ni ya mwenye nyumba, lakini inamkata anayenunua umeme, na si kila mwenye nyumba atakubali kuipunguza kwenye kodi ya nyumba anayolipwa. Mpangaji anayehama Igoma kukimbia makato ataikuta 1,500 ileile Kisesa, kwenye umeme wa kwanza wa mwezi.