Depo mpya, historia ya zamani: data ya mipango ihamishwe au iachwe?

Swali hili linarudi kila kampuni inapofungua depo, inapobadilisha ujazo wa chupa au inapogawa upya mawakala. Zile namba za mauzo ya nyuma zilizomo kwenye programu ya kupangia mzigo, tuzihamishe zifuate hali mpya au tuziache zilivyo? Watu wa fedha na maodita wengi wanasema ziachwe, kilichouzwa Mwanza kiliuzwa Mwanza na hakuna namna leo kigeuke kuwa kiliuzwa Geita. Watu wa mipango wanasema zihamishwe, na hawa wa pili mara nyingi wanaangaliwa vibaya kwenye vikao, wanaambiwa wanachakachua data ili makisio yao yaonekane mazuri. Mimi naona hawajaeleweka, naomba tulitazame taratibu.

Namba nitakazotumia ni za mfano tu, ila hali yenyewe ni ya kawaida kabisa Kanda ya Ziwa. Depo ya Mwanza inatoa katoni 1,000 za juisi kwa wiki. 700 zinaishia Mwanza na jirani zake, 300 zinavuka kwenda kwa mawakala wa Geita mjini, Katoro, Chato na Ushirombo. Kampuni inaona Geita imekua, ni mkoa unaojitegemea tangu 2012, dhahabu imeleta watu na hela, basi inafungua depo palepale Geita. Mawakala ni wale wale, juisi ni ile ile, kilichobadilika ni mlango wa kuchukulia mzigo tu.

Sasa programu inajua nini? Inajua Mwanza ni 1,000 na Geita ni sifuri. Kama inakisia kwa wastani wa wiki 12, njia ambayo kampuni nyingi bado zinaitumia, wiki ya kwanza itapanga 1,000 Mwanza na Geita haipangi kitu. Mwanza wanauza 700. Wiki ya pili makisio ya Mwanza yanashuka kuwa 975, ya tatu 950, yanashuka 25 kila wiki, na mpaka wiki 12 ziishe ndo inafika kwenye ukweli wa 700 ambao kila mtu pale depo alikuwa anaujua tangu siku ya kwanza. Jumlisha yale yaliyozidi, 300, 275, 250 na kuendelea hadi 25 ya mwisho, unapata katoni 1,950 zilizokisiwa kwa wateja ambao hawapo tena upande huo. Programu nzuri itapunguza oda ikiona stoku imelala, sawa, lakini magari yameshabeba, nafasi ya ghala imeshajaa na juisi ina tarehe ya kuisha.

Hilo la Mwanza ni la gharama. Linaloniumiza zaidi ni la Geita, kwa sababu halionekani. Depo haiwezi kuandika mauzo ya mzigo ambao haina, ukiiletea katoni 100 itaandika 100 hata kama mlangoni wamekuja mawakala wanaotaka 300, wale wa 200 waliobaki wakageuza gari wakaenda kununua juisi ya mshindani. Wiki ijayo programu inasoma ile 100 na kuamini kwamba hayo ndo mahitaji ya Geita. Inapanga kwa kufuata hiyo, depo inauza hiyo, inaandika hiyo. Kosa linajithibitisha lenyewe kila wiki, na miezi mitatu baadaye mtu anakaa kwenye kikao na chati mkononi anasema jamani Geita soko lake dogo, tulikosea kufungua depo. Chati yake haina kosa hata moja la hesabu! Na makao makuu hakuna kengele iliyolia siku ile depo inafunguliwa, kwa sababu wao wanaangalia jumla ya nchi na jumla ya makisio ilikuwa 1,000 kama wiki iliyopita.

Kwa kawaida haifiki huko, maana msimamizi wa Geita atapiga simu, atalalamika, na mtu wa mipango ataandika 300 kwa mkono. Hapo tatizo linahamia kiwandani. Mwanza bado inasoma 1,000, Geita sasa ni 300, kiwanda kinaona 1,300, kinaagiza sukari, chupa na lebo za katoni 300 ambazo hazina mnywaji. Aliyeandika 300 alikuwa na nia njema kabisa. Ila hakuna kitu kwenye sistimu kinachomwambia kwamba zile 300 zinatakiwa zitoke mahali.

Kuna na stoku ya akiba, ile ambayo watu hawaigusi kwa sababu hesabu yake inawachosha. Programu inaipanga kwa kuangalia mauzo yanavyopanda na kushuka. Ukichukua wiki 6 za 1,000 na wiki 6 za 700 pale Mwanza, mtawanyiko, yaani mauzo ya wiki yanavyokuwa mbali na wastani wake, unakuwa katoni 150, na ukitaka kutosheleza mahitaji kwa asilimia 95 unazidisha na 1.65 ya kanuni ya takwimu, unapata akiba ya karibu katoni 250 kwa wiki moja ya kusubiri mzigo. Akiba ya kujikinga na nini? Hakuna mteja wa Mwanza aliyeyumba. Kilichotokea ni kampuni yenyewe kuhamisha wateja wake, alafu programu ikasoma uamuzi wa bodi kama vile ni tabia ya soko.

Ukihamisha historia, yaani mauzo ya nyuma ya mawakala wale wa Geita ukayatoa Mwanza na kuyaweka Geita, haya yote yanaisha asubuhi moja. Mwanza inasoma 700 kwa wiki zote 12, Geita 300, kiwanda 1,000. Na hii sio janja ya mtaani. SAP APO, programu ya mipango ya makampuni makubwa, ilikuwa na kazi yake maalumu ya kuhamisha data kutoka mchanganyiko mmoja wa bidhaa, mteja na eneo kwenda mwingine, unaweka na asilimia unayotaka. SAP IBP iliyokuja kuirithi nayo inayo, pamoja na njia ya kuiambia bidhaa mpya isome historia ya bidhaa ya zamani kwa uzito utakaoupanga wewe. Waliotengeneza programu hizi walijua biashara hazikai palepale.

Kwa hiyo ile hoja ya kuchakachua mimi naona inachanganya vitabu viwili. Kuna kitabu cha mauzo, huko kuna ankara, risiti za EFD, VAT, deni la wakala, na huko hakuna mtu wa mipango anayegusa au anayetakiwa kugusa kitu. Alafu kuna data ya mipango, ambayo kazi yake ni kujibu swali moja tu: wiki ijayo nani atahitaji nini na atachukulia wapi? Ankara ya Machi inabaki Mwanza milele. Lakini wakala wa Katoro aliyeandikwa kwenye ile ankara hatakwenda Mwanza wiki ijayo, na namba inayosema atakwenda ndo namba ya uongo, hata kama haijaguswa.

Hata hivyo hawa wanaosema historia isiguswe sio wakorofi, wana mambo yao ya kweli na moja ni zito sana.

Dogo kwanza. Watu wengi wananakili badala ya kuhamisha. Anaziweka 300 Geita, anasahau kuzitoa Mwanza, na sasa ile 1,300 haipo tena kwenye makisio ya wiki moja, imeingia kwenye historia yenyewe na itasomwa miaka. La pili ni malengo ya mauzo. Kampuni ikitumia data hiyo hiyo ya mipango kupanga target na bonasi za mameneja, basi kila katoni inayohamishwa ni hela ya mtu, na hapo kweli vishawishi vipo, mtu atapigania asilimia inayohamishwa iwe 40 badala ya 30 ili target yake ya Mwanza ishuke. Hilo naliona ni sababu ya kutenganisha bonasi na data ya mipango kuliko sababu ya kuacha data ioze, ila siwezi kusema ni hofu ya bure.

Zito ni lile la kuhamisha historia kwenda kwenye kitu ambacho hakifanani na cha zamani. Mfano ambao Tanzania nzima inaukumbuka ni viroba. Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza katikati ya Februari 2017, na kuanzia 1 Machi mwaka huo pombe kali kwenye vipakiti vya plastiki ikawa marufuku. Kinywaji kikabaki kwenye chupa. Sasa ungekuwa mpangaji wakati ule ungefanya nini na historia ya viroba? Ukigeuza vipakiti vyote kuwa lita na lita zote kuwa chupa, umekisia kwamba yule kijana wa bodaboda aliyekuwa anatoa hela ndogo kwa kipakiti kimoja atatoa hela ya chupa nzima, na hatatoa, maana kilichokuwa kinauzwa pale ni udogo wa bei na urahisi wa kuweka mfukoni kama kilivyo kinywaji chenyewe. Wengine walihamia bia, wengine gongo, wengine waliacha. Na ukihamisha sehemu tu, tuseme asilimia 60, mtu wa fedha akikuuliza hiyo 60 umeitoa wapi na huna jibu zaidi ya kusema nilikadiria, ana haki ya kukukatalia.

Nakubali kabisa hapo. Tofauti na depo ya Geita ni kwamba kule mteja ni yule yule na unaweza kumfuata kwa jina kwenye ankara zake za nyuma, huku mteja amebadilika na historia inakuwa ushauri tu. Ila hata kwenye viroba, kuiacha historia ilale kwenye namba ya bidhaa iliyopigwa marufuku, na chupa kuanza kama kitu kisichowahi kuwa na mnywaji, sidhani kama ni uangalifu. Unahamisha kidogo, unaandika kwa nini, unakaa nayo karibu wiki 8 za mwanzo na kurekebisha kila Jumatatu.

Kuna mabadiliko mengine ambayo hata wapinzani wakubwa wa kuhamisha data huwa wanayakubali bila kujua kwamba ni jambo lile lile. Ramadhani. 2016 ulianza mwanzoni mwa Juni, 2025 ukaanza mwanzoni mwa Machi, kila mwaka unarudi nyuma siku kama 11. Programu inayosoma miezi ya kizungu itaona sukari, tende, tambi na unga wa ngano vilipanda Machi 2025 na itapanga kilele cha 2026 Machi tena, wakati mfungo wa 2026 umeanza wiki ya tatu ya Februari na maduka ya Zanzibar, Tanga na Mombasa yalitakiwa yawe yamejaa kabla. Kila mpangaji wa pwani anausogeza ule mlima wa mauzo uendane na mwandamo wa mwezi. Hakuna odita anayemwita mchakachuaji.

Au angalia Kenya. Baada ya shule kufungwa Machi 2020 kalenda nzima ya masomo ilivurugika, mwaka wa masomo wa 2021 ulianza mwishoni mwa Julai, wa 2022 mwishoni mwa Aprili, na Januari 2023 ndo mambo yakarudi palepale pa zamani. Anayeuza madaftari na viatu vya shule akaiacha historia hiyo ilivyo, programu itamuonyesha msimu wa Julai, msimu wa Aprili na msimu wa Januari, vyote vidogo vidogo, kumbe msimu mkubwa ni mmoja tu. Historia ile ni ya kweli kwa kila shilingi. Ila inajibu swali la miaka ambayo haitarudi.

Na sio mauzo tu. Tukirudi Geita, Juni 2025 limefunguliwa daraja la Kigongo–Busisi kwenye njia ya Mwanza kwenda Geita, kilomita 3 hivi juu ya ziwa, na lori lililokuwa linapanga foleni ya kivuko linavuka kwa dakika chache. Ile namba ya siku mbili za mzigo kutoka Mwanza kufika Geita uliyoiandika kwenye programu zama za kivuko, nani ameibadilisha? Hiyo namba moja inaamua akiba ya depo, siku ya kuoda, hata swali la kama depo ya Geita bado inahitajika au lori la Mwanza linatosha. Hapa hakuna mtu wa fedha anayezuia, ni sisi wenyewe watu wa mipango tunaopigania historia ihamishwe alafu tunaacha siku za safari za kivuko zikae pale.

Kwa hiyo mimi niko upande wa kuhamisha, kwa masharti ambayo yametoka kwa wanaopinga na nayaona ya haki. Nakala ya data ya asili iwekwe kabla ya kugusa chochote na isifutwe. Kinachohamishwa kifuate ankara za mteja mmoja mmoja pale inapowezekana, na pale ambapo ni makadirio iandikwe kwamba ni makadirio, na nani alikadiria. Jumla ya kila bidhaa kabla na baada zilingane, hili mtu wa fedha alikague mwenyewe kwa macho yake na asaini, maana ndilo linalokamata kosa la kunakili. Target za mauzo zikae mbali kabisa. Na yafanyike kabla lori la kwanza halijapakiwa kwenda depo mpya, sio wiki ya sita Geita ikiwa imeshajiandikia historia ya uhaba, kwa sababu hiyo nayo itabidi isafishwe, na kusafisha uhaba ni kazi ngumu kuliko kuhamisha: huna ankara ya mteja aliyegeuza gari.