Wasioona wacheze wapi?

Ibara ya 30 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006 na kuridhiwa na Kenya mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009, inahesabu burudani na michezo kuwa haki. Inataka mambo mawili kwa pamoja: mtu mwenye ulemavu ashiriki michezo ya watu wote, na pia awe na nafasi ya kuandaa na kucheza michezo iliyotungwa kwa ajili ya watu wenye ulemavu. Kwenye karatasi mambo hayo hayagombani. Ugomvi huanza fungu la fedha linapokuwa dogo. Kwa wasioona, liende kwenye klabu yao, au liwafungulie njia ya kuingia kwenye viwanja, kwaya na vijiwe vya mtaani?

Wanaotetea klabu wana hoja nzito, na mfano wao bora ni goliboli. Mchezo huu ulibuniwa mwaka 1946 kwa ajili ya askari waliopofuka vitani, ukaingia Paralimpiki mwaka 1976 huko Toronto. Kila timu huingiza wachezaji watatu katika uwanja wa mita 18 kwa 9. Mpira una kengele ndani na uzito wa kilo 1.25, mmoja huuviringisha kwa nguvu, wapinzani hujitupa chini kuuzuia kwa mwili mzima. Wote hufunikwa macho, hata wenye uoni hafifu, ili asiwepo anayemzidi mwenzake kwa nuru kidogo aliyonayo. Mpira ukiwa mchezoni, watazamaji hunyamaza kimya. Hapo hakuna anayeachiwa goli kwa huruma. Kijana aliyezoea kuambiwa "wewe kaa tu, utaumia" anapata mahali pa kuumia kama vijana wengine, na naliona hilo kuwa jambo kubwa kuliko medali. Baada ya mechi watu hubaki wakiongea: simu ipi inasoma maandishi kwa sauti vizuri, fimbo nyeupe inapatikana wapi, nani anaajiri. Maarifa hayo mara nyingi anayo mwenzako asiyeona.

Lakini klabu ya namna hiyo humfikia nani? Mara nyingi kijana aliyepitia shule ya wasioona, anayesoma nukta nundu (breli), anayeishi karibu na mji. Shirika la Afya Duniani linasema wengi wa wenye matatizo ya kuona wana umri wa zaidi ya miaka 50. Mzee aliyepoteza uoni kwa presha ya macho akiwa na miaka 60 hahitaji kutafutiwa marafiki wapya kwa sababu tu nao hawaoni. Marafiki zake wako barazani, na tangu apofuke hajaenda.

Na barazani kunahitajika kidogo sana. Bao lina mashimo 32 na kete 64, na vyote hushikika. Mpinzani akitaja anachocheza na kumpa mzee nafasi ya kupapasa ubao, mchezo unaendelea, ingawa polepole. Kwenye kibanda umiza, yaani banda la kutazamia mechi za runinga, mtu mmoja mwenye ulimi mwepesi akikubali kusimulia mechi anavyofanya mtangazaji wa redio, asiyeona naye atabishana kuhusu penalti.

Upande huu nao una mtego wake. Nimeona shughuli za "wote pamoja" ambazo asiyeona aliwekwa kwenye kiti chini ya turubai, akapewa soda, akapigiwa makofi, akarudishwa nyumbani bila kucheza chochote. Afadhali klabu iliyojitenga kuliko hapo.

Kwa hiyo jibu langu linategemea mtu alipofuka lini na watu wake wako wapi: kijana apewe klabu, mzee arudishiwe baraza. Ila wote wawili hukwama mahali pamoja, yaani njiani. Nani atamfikisha, kwa nauli ya nani?

Riadha inaonyesha uzito wa suala hili. Mkenya asiyeona, Henry Wanyoike, alishinda mita 5,000 kwenye Paralimpiki ya Sydney mwaka 2000 huku mwongozaji wake, mkimbiaji anayeona aliyekuwa ameugua malaria, akiishiwa nguvu, ikabidi Wanyoike amkokote hadi mwisho. Mwongozaji ni mwanamichezo kamili: anahitaji mazoezi, viatu, chakula na muda. Bajeti nyingi hukumbuka fulana na bango, mwongozaji husahauliwa. Kwa wasichana suala ni zito zaidi, kwa sababu familia nyingi haziwezi kumkabidhi binti kwa mgeni, na hofu hiyo ina msingi. Waongozaji wachunguzwe, wafahamike nyumbani, na wanawake wawe wengi miongoni mwao.

Wapo wanaosema kuwalipa waongozaji kutaua moyo wa kujitolea. Siikatai hofu hiyo moja kwa moja. Posho ikizidi, wataingia wanaotafuta posho tu. Lakini tunachokiita kujitolea leo mara nyingi ni mdogo wa asiyeona, ambaye naye ana masomo yake na michezo yake, anayeambiwa kila Jumamosi amsindikize kaka. Nauli ya watu wawili kwenda na kurudi, na mlo mmoja, ndiyo mistari ya kwanza ninayotaka kuiona kwenye bajeti ya programu yoyote, kabla ya mipira na kabla ya ukumbi.