Likizo ya Baba Isitoke Mfukoni mwa Bosi

Niseme mapema, wenye haraka wasije wakaondoka na nusu ya hoja: naiunga mkono likizo ya uzazi kwa baba, na iwe ya mshahara kamili. Ninachokikataa ni kumtwika mwajiri peke yake gharama yake.

Kwanza sheria zilivyo. Kenya inampa baba wiki mbili zenye mshahara kamili, kwa Sheria ya Ajira ya mwaka 2007. Rwanda ilikuwa na siku 4, na mwaka 2023 ikapandisha hadi 7. Uganda ni siku 4 za kazi kwa sheria ya mwaka 2006, nayo nawapa heko kwa jambo moja: siku hizo zipo hata mimba inapoharibika. Tanzania, kwa sheria ya mwaka 2004, ni angalau siku 3, mradi zichukuliwe ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe.

Siku tatu. Mama aliyejifungua kwa upasuaji huenda hata wodini bado hajaruhusiwa. Mshono unataka wiki kadhaa upone, kuinua vitu vizito hakuruhusiwi, na mtoto mchanga ananyonya kila baada ya saa mbili au tatu, usiku na mchana. Tena hizo ndizo siku ambazo damu ikizidi kutoka au homa ikipanda, lazima awepo mtu mzima wa kuliona mapema na kutafuta gari, si wa kupigiwa akiwa zamu na simu yake imefungiwa kabatini. Utasikia watu wakiuliza, "Bibi wa mtoto si yupo?" Wengine wanaye, wengine hawana, na uwepo wake haumgeuzi baba kuwa mgeni. Wapo pia wanaosema mwanaume akipewa siku atalala au atazurura. Inawezekana. Ila likizo ya mwaka nayo haina mkaguzi wa kufuatilia mtu ameitumiaje, na sijasikia anayetaka ifutwe.

Tuje kwenye pesa, maana hapo ndipo haki inapokwama. Fikiria karakana yenye wafanyakazi kumi. Fundi mmoja amepata mtoto. Mwenye karakana anatakiwa amlipe fundi aliye nyumbani na amlipe pia wa kushika nafasi yake. Mara nyingi hatamwambia "hapana", kwa kuwa anajua sheria ipo. Atamwambia "subiri tumalize hii kazi ya mteja, Jumatatu tutaongea". Ukisoma tena kile kifungu cha siku 7 utaona kuwa kwa Tanzania Jumatatu moja ikishapita na ya pili ikikaribia, haki imeshakufa bila mtu yeyote kuvunja sheria waziwazi. Na fundi mwenye mkataba wa miezi mitatu unaokaribia kwisha atakwenda kudai wapi? Atanyamaza ili mkataba uongezwe.

Siwalaumu wenye karakana sana. Sheria imewapa mzigo ambao ungepaswa kubebwa na wengi.

Kwa upande wa mama, hoja hii ilishakubalika zamani. Mkataba namba 183 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2000, unataka mafao ya fedha ya mama yatoke kwenye bima ya jamii au fedha za umma, na kwa kawaida mwajiri asibebeshwe moja kwa moja gharama hiyo. Sababu yenyewe ni ya kimaslahi: mwajiri akiona kila mwanamke kijana ni gharama, ataajiri wanaume. Rwanda ilipoanzisha mfuko wa mafao ya uzazi mwaka 2016, mchango ulipangwa asilimia 0.3 ya mshahara kutoka kwa mwajiri na 0.3 kutoka kwa mfanyakazi, awe mwanaume au mwanamke, mwenye watoto au asiye nao. Ni kiasi ambacho wengi hawakioni kwenye karatasi ya mshahara. Njia hiyohiyo inaweza kumlipa baba, na karakana ikabaki na kazi moja tu, ya kutafuta wa kushika zamu.

Hata hivyo mfuko peke yake hautoshi. Sweden ilibadili bima ya mama kuwa bima ya wazazi wote wawili mwaka 1974, malipo yapo, lakini baba aliruhusiwa kumwachia mama siku zake na wengi wakafanya hivyohivyo. Mwaka 1995 ndipo ulipotengwa mwezi mmoja ambao kila mzazi asipoutumia unapotea. Ukaongezwa wa pili mwaka 2002 na wa tatu 2016. Norway ilitangulia kwa hilo mwaka 1993. Siku isiyohamishika humpa mwanaume kitu cha kumjibu bosi na hata wajomba zake: nisipoichukua mimi, hakuna anayeipata.

Mfano unaonivutia zaidi ni Japani. Sheria yake kwa miaka mingi imempa baba likizo ndefu kuliko nchi nyingi, hadi karibu mwaka mzima, lakini mwanzoni mwa miaka ya 2010 hawakufika hata baba 3 kati ya 100 walioichukua. Waliogopa kuonekana wazembe. Kuanzia Aprili 2022 waajiri wakalazimishwa kumfuata kila mfanyakazi anayetarajia mtoto, wamweleze haki yake na wamuulize kama ataitumia. Mwaka 2023 idadi ilikuwa imefika kama 30 kati ya 100. Kulikuwa na mabadiliko mengine pia, lakini hilo la kuuliza nalipenda kwa sababu halina gharama. Aibu ya kuomba inahama kutoka kwa mfanyakazi.

Kibarua, dereva wa kukodi na mchuuzi wako nje ya haya yote, kwa sababu sheria zinamtazama mwajiriwa. Mfuko unaweza kuwafikia kwa uchangiaji wa hiari, ingawa mtu ambaye kipato chake hakitabiriki huchangia miezi miwili na kuacha wa tatu, na sidanganyi kwamba nina dawa ya hilo. Ningeanza na walio kwenye mikataba mifupi.

Kwa hiyo mjadala wa kurekebisha sheria ukifunguliwa, na watu wakaanza kushindana nani ametaja siku nyingi, mimi nitakubali hata 10 zilizolipwa na mfuko, zichukuliwe wakati wowote ndani ya miezi sita ya kwanza, kuliko 30 zinazosubiri saini ya meneja. Tangazo la kizazi litoke hospitali liende moja kwa moja kwenye mfuko, na meneja apewe taarifa ya tarehe, asiombwe ruhusa.