Kitufe Chekundu

Nianze kwa kujitetea: kitufe chenyewe kilikuwa kizuri. Chekundu, kikubwa kama kifuniko cha chupa, na juu yake nimebandika karatasi iliyoandikwa SIMAMA. Katika miezi yote niliyohangaika kuunda mtambo wa kidijitali wa kuendeshea treni zangu za mfano, hicho ndicho kitu pekee kilichokubali mara ya kwanza. Au ndivyo nilivyodhani.

Mtambo wa dukani nilikuwa nimeukataa. Mtu mwenye Arduino (kikompyuta cha kujiundia vitu), kibao cha L298N cha kupeleka umeme relini na kiburi cha kutosha ananunua mtambo wa nini? Kanuni za DCC, mfumo wa kuziamuru treni za mfano kidijitali, ziko wazi kwa yeyote, na ukizisoma harakaharaka zinaonekana mchezo wa kitoto. Reli mbili zile zile zinabeba umeme wa kusukuma treni na maneno ya kuiamuru. Chanya inageuzwa hasi, hasi inageuzwa chanya, maelfu ya mara kwa sekunde. Ukigeuza kila baada ya mikrosekunde 58, umesema moja. Ukikawia hadi 100, umesema sifuri, na amri zote hutungwa kwa hizo mbili. Ndani ya kila kichwa cha treni kuna dikoda, ndogo kama ukucha, inayotega sikio ikisubiri kuitwa kwa namba yake.

Namba nazo zilinitoa jasho. Dikoda hutoka kiwandani ikiitwa 3, kwa hiyo siku ya kwanza nilipoita 3, vichwa vyote vitatu viliitika, kama nyumba ambayo watoto wote wanaitwa Juma. Nikavibatiza upya kimoja kimoja: 3, 7 na 12. Habari za L298N kuchemka hadi kuniunguza kidole tuziache.

Jioni ya maonyesho nilimwalika dada yangu na mwanawe wa miaka tisa. Namba 3 ilikuwa inazunguka meza na mabehewa manne, taratibu, kwa heshima zake. Namba 12 niliiegesha kwenye njia ya pembeni, ile inayoishia ukingoni mwa meza mahali ambapo daraja litajengwa nikijaliwa. Chini ya ukingo huo kulikuwa na ndoo ya plasta niliyoikoroga kwa ajili ya milima. Namba 7 niliisahau katikati ya njia kuu.

"Mjomba," mpwa wangu akasema, "ile inaenda kuigonga ile."

"Usiwe na wasiwasi," nikamjibu, kwa sauti ya mtu aliyeingoja nafasi hiyo miezi mingi. Nikabonyeza kitufe.

Kwenye skrini ya kompyuta likatokea neno IMESIMAMA. Kwenye meza, treni zote tatu zikatimka.

Sisemi zilienda kasi. Zilitimka, kama zimesikia jina la mkopeshaji. Hata zile mbili zilizokuwa zimelala! Na haki isemwe, ajali aliyoiogopa mpwa wangu haikutokea, maana namba 7 ilikimbia mbele ya namba 3 kabla haijafikiwa. Nikabonyeza tena. IMESIMAMA. Nikabonyeza tena. IMESIMAMA. Mpwa wangu, aliyekuwa akihesabu, anasema nilibonyeza mara kumi na moja.

Namba 12 ilifika ukingoni, ikatoka, na kwa nukta moja niliona magurudumu yakizunguka hewani. Kisha ikatua kwenye plasta: pwaa! Namba 7 haikukata kona. Iliruka reli ikaangukia mapajani mwa dada. Namba 3 iliendelea kuzunguka na mabehewa yake, sasa mawili, mpaka dada, ambaye hajui dikoda ni kitu gani wala hataki kujua, alipoinama na kuchomoa plagi ukutani.

"Hii ndiyo ya kusimamisha," akasema.

Usiku nilipoikagua programu, nikagundua kosa la aibu. Kitufe changu kilikuwa kinakata maneno tu. Nilijiambia kwamba mtumishi asiyepewa amri huketi. Kumbe dikoda nyingi, zikikosa ujumbe na kukuta umeme ulionyooka relini, huamini zimewekwa kwenye reli za mtindo wa zamani, zile za kuongeza na kupunguza volti, na hukimbia kwa kadiri ya umeme zinaoupata. Mimi nilikuwa nimeugandisha umeme wote, reli moja chanya, nyingine hasi. Na kwa umeme wa namna hiyo treni zote huelekea upande mmoja, hata zikiwa zimepeana mgongo. Wahenga waliposema kimya kingi kina mshindo mkuu, nadhani walikuwa na L298N.

Marekebisho yalikuwa mistari michache. Sasa kitufe hakinyamazi. Kinaita namba 0, ambayo kila dikoda huisikia, na kurudia "simameni" bila kuchoka. Tena nimeingia kwenye kumbukumbu namba 29 ya kila dikoda nikabadili 6 kuwa 2, zisahau kabisa mambo ya zamani. Namba 12 nimeikwangua plasta kwa mswaki siku mbili. Inatembea, ila inakohoa.

Jumapili mpwa wangu alikuja tena. Alipoondoka nikakuta karatasi ya SIMAMA imebanduliwa, na mahali pake, kwa mwandiko wa kalamu ya rangi, pameandikwa KIMBIA. Sijaitoa.