Kabla ya kugawa viwanja, tuezeke Ngamiani

Hapa Tanga, makazi nafuu yakitajwa tu, mazungumzo hukimbilia viwanja. Kange, Pongwe, Mwahako: huko ndiko mtu wa kipato cha chini aelekezwe, apimiwe, ajenge pole pole. Kwa kijana mwenye ajira, sawa. Lakini mjane wa miaka sabini na kitu hana haja na kiwanja. Anataka chumba kile kile alichokizoea, ila kisivuje, na kodi isipande kila msimu.

Na sasa hivi inapanda. Bandari imeongezwa kina, bomba la mafuta kutoka Uganda linaishia Chongoleani, wageni wanakuja na kazi zao. Mwenye nyumba akiletewa na dalali mpangaji anayeweza kutoa kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo, yule bibi anayelipa mwezi kwa mwezi, tena nusu nusu, anaonekana mzigo. Tanga waja leo waondoka leo, lakini wanaoondoka siku hizi ni wenyeji.

Tuitazame Ngamiani, ile mitaa tunayoihesabu kwa barabara. Nyumba nyingi ni za Kiswahili za zamani: korido katikati, vyumba huku na huku, uani choo kimoja cha kaya tano au sita, mbele baraza. Kuta ni za miti na udongo, zimepigwa plasta ya saruji ambayo chini imeshabanduka kwa chumvi. Bati limekula kutu. Watu humlaumu mwenye nyumba kwamba ni mchoyo, lakini mara nyingi mwenye nyumba mwenyewe hayupo. Babu alifariki, mirathi haijafunguliwa, warithi ni wanane na wajukuu juu yao, mmoja yuko Dar, mwingine Mombasa, na kodi ya vyumba ikipatikana hugawanywa ikaisha. Nani atoe pesa yake mfukoni aezeke nyumba ambayo kesho ndugu zake watasema iuzwe? Ndiyo maana hakuna anayeezeka.

Mtaani kwetu kuna bibi anayekaanga vitumbua barazani alfajiri. Chumbani kwake kuna ndoo mbili, moja kwenye kona ya kitanda, nyingine nyuma ya mlango, na wakati wa masika zote hujaa kabla hakujakucha. Ana kisukari. Kijana wa bodaboda wa chumba cha mkabala ndiye humpeleka Bombo siku za kliniki, na nauli huwa ni vitumbua. Wateja wake wengine hula kwa mkopo hadi Ijumaa, naye hana daftari, maana anajua nani mtoto wa nani. Mhamishie Kange kwenye nyumba ya matofali yenye umeme, halafu uniambie nani atamgongea mlango asipoamka mapema.

Ushirika wa kujenga tunao mfano wake nchini, na ninauheshimu. Wakazi wa Kurasini waliobomolewa kupisha upanuzi wa bandari ya Dar es Salaam waliweka akiba kwa vikundi, wakashirikiana na shirika la Centre for Community Initiatives, wakanunua ekari 30 kule Chamazi na kuanzisha ushirika wao wa nyumba, matofali wakifyatua wenyewe. Wale walikuwa wameshabomolewa, hawakuwa na pa kurudi. Lakini Chamazi ni mbali na Kurasini, na mama lishe aliyekuwa akiwauzia makuli wali hawezi kuhama na makuli wake. Sisi bado hatujabomolewa. Kwa nini tuanze na kuhama?

Ninachopendekeza ni mkataba kati ya familia yenye nyumba, halmashauri na wale wenye kutoa kwa ajili ya Mungu. Nyumba inaezekwa upya, inapata choo cha pili na bomba uani. Familia nayo inatia saini kwamba vyumba viwili au vitatu vitabaki kwa kodi ya zamani kwa miaka kumi, kwa ajili ya wazee, wajane na watu wenye ulemavu. Ikivunja, inarudisha gharama. Warithi wote wasaini, siyo yule mmoja anayekusanya kodi. Hapa ndipo patakuwa pagumu, na sioni njia ya mkato. Asiye na mirathi iliyofunguliwa asaidiwe kwanza kuifungua, hata kama itachukua mwaka.

Pesa si ndoto. Tangu 2018 sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi cha vijana mafundi kinaweza kukopa hapo kikanunua zana na mbao za jukwaa, kikapewa kazi ya kuezeka, kikarejesha kwa malipo ya kazi hiyo hiyo. Saruji inatengenezwa Pongwe hapo. Na wakfu? Pwani hii watu wametoa nyumba na minazi kwa ajili ya mayatima na misikiti tangu enzi za mababu. Anayeweza kuweka zulia jipya msikitini anaweza pia kuweka bati juu ya vyumba vitatu vya wajane. Kanisa vile vile.

Shirika la Nyumba la Taifa sijalisahau. Lipo tangu 1962. Lakini nyumba zake za kuuza zinamhitaji mtu anayekopesheka benki, na muuza vitumbua hakopesheki.

Hofu yangu kubwa ni orodha. Tukiiachia ofisi ya mtaa peke yake, chumba cha mjane kitakuwa cha shemeji yake mwenyekiti. Majina yabandikwe ukutani, ofisini na msikitini, wiki mbili nzima, na mwenye pingamizi aseme kabla fundi hajapanda juu.